Guta la Torben

Eckhard Tielemann hakuwahi kukionea wivu kile kitreni cha watalii. Kilipita sokoni Quedlinburg, mji wa kale wa Ujerumani, kikikokota mabehewa yake ya rangi, kipaza sauti kikisimulia habari za majumba ya mbao, naye juu ya gari lake la farasi alikitazama kama mtu anavyomtazama nzi wa jirani. Watalii waliopenda kutembea kwa miguu nao aliwaacha watembee; wangechoka, wangerudi. Lakini ile baiskeli ya magurudumu matatu, yenye kiti cha watu wawili nyuma na turubai juu, ilimkaba roho tangu siku ya kwanza.

"Guta," ndivyo alivyoliita. "Guta la kubebea viazi."

Mwenye guta alikuwa Torben, kijana mwenye miguu mirefu na maneno mengi. Alipenya vichochoro ambavyo gari la farasi lisingethubutu, akawashusha watu mlangoni pa hoteli na mizigo yao. Abiria wake walikuwa wakicheka njia nzima, na kicheko hicho ndicho kilichomchoma Eckhard. Wa kwake walimpiga picha farasi, wakasema asante, wakaenda zao.

Kisha Torben akamchukua Maren.

Maren alikuwa mtoto wa pekee wa Eckhard. Alipokuwa mdogo alikaa mbele, kando ya baba yake, akiruhusiwa kushika ncha ya hatamu. Sasa alirudi nyumbani vidole vimejaa grisi ya mnyororo, na Eckhard alivikodolea macho mezani mpaka supu ikapoa.

"Kula basi," mkewe Heidrun alimwambia. "Au nimwite Torben aje akulishe?"

Ndoa ya Maren na Torben ilipangwa kufungwa bomani, Jumamosi. Kwa akina Tielemann bibi harusi hupelekwa kwa gari la farasi. Heidrun mwenyewe alipelekwa hivyo. Eckhard alikuwa amelipaka gari rangi mpya na kushona viti upya, kwa mikono yake mwenyewe. Ndipo Maren akaleta hukumu yake.

"Baba, kwenda nitakwenda na wewe. Kurudi nitarudi na Torben, kwenye guta."

"Nusu?"

"Nusu kwa nusu. Ndiyo haki."

"Haki ya wapi? Mimi nilikulea nusu?"

Mwenye akili timamu angeshukuru, akanyamaza. Lakini wivu hauna akili. Nusu aliyopewa Eckhard hakuiona kabisa. Aliiona ile ya mwenzake tu, nayo ikamwasha mwili mzima kama upupu.

Jioni ya kuamkia harusi wageni walifika na vyombo vya kaure vya kuvunjwa uwanjani, maana vigae humletea bibi harusi baraka. Kioo havunji mtu, ni nuksi. Kufagia ni kazi ya wachumba wenyewe, ufagio kwa ufagio, watu wapate kuona kama wataelewana. Kila mgeni alivunja chake mbele ya mlango wa nyumba, kama ipasavyo. Eckhard akatoka na sahani za marehemu mama yake, zile zenye ukingo wa buluu.

"Hizo?" Heidrun alishangaa. "Hata Krismasi ulinikataza nisiziguse!"

Eckhard alikwenda peke yake hadi langoni, guta lilikokuwa limeegeshwa, akazibamiza moja baada ya nyingine karibu na magurudumu. Alitaka mipira itoboke. Guta likilala, Maren atakwenda na kurudi na baba yake.

"Mzee leo kafurahi!" wageni walishangilia.

Maren na Torben wakafagia mpaka langoni, wakisukumana kwa vifagio na kucheka. Eckhard aliwatazama wanavyoelewana, akachukia. Torben akaikagua mipira, akaisafisha kwa kitambaa, akalinyanyua guta lake na kulitoa nje. Halikuwa na hata mkwaruzo.

Asubuhi Eckhard alimfunga Frieda, farasi wake jike, kwenye gari, shingoni utepe mweupe. Walipofika langoni, Maren kaketi nyuma, Frieda akasita. Akauinua mguu wa mbele, akakataa kuukanyagia.

Torben alikuja mbio na suti yake ya harusi. Akapiga goti, akauweka ukwato pajani, akaomba koleo. Alichochomoa ni kigae kimoja kilichokuwa kimesimama kati ya mawe ya uwanja, ufagio usikione. Akampa Maren.

"Sahani ya Bibi," Maren alisema. Alipaangalia pale guta lilipoegeshwa jana, kisha akamgeukia baba yake. "Wenzako wote walivunjia mlangoni. Wewe kwa nini huku?"

Eckhard alijaribu kutafuta uongo, hakuupata.

"Nilitaka nusu zote mbili," akasema.

"Na sasa umepata ngapi?" Heidrun akauliza.

Frieda akafunguliwa, jirani akabaki naye kumsubiri daktari wa mifugo. Heidrun akavua viatu vya kisigino, akavaa vya kawaida, akatangulia kwa miguu na wageni. Maren akakusanya gauni lake, akapanda guta, akasogea pembeni.

"Panda, Baba."

"Kwenye hilo?"

"Kwenye guta la viazi, ndiyo. Panda."

Akapanda. Torben akaanza kukanyaga pedali, shati likimganda mgongoni, maana Eckhard si mtu mwepesi. Watalii wakapisha, wakapiga makofi. Na hapo ndipo Eckhard alipozinduka: juu ya gari lake angempa binti yake mgongo njia nzima. Hapa walikaa bega kwa bega, na aliyewapa mgongo alikuwa Torben. Aliona raha mbaya moyoni, kisha akaona haya.

"Bado nimekukasirikia," Maren alisema, akamshika mkono. Kwenye kucha grisi ilikuwa bado ipo.

"Najua."

Wakakata kona sokoni, boma likaonekana mbele.

"Tumechelewa, Mzee," Torben alisema akihema. "Nikazane?"

"Usikazane," Eckhard akamwambia. "Njia yenyewe fupi."