Uyoga wa Sufi

Juzi mjukuu wangu alinipeleka kwenye maonyesho, nikaona uyoga wa kitambaa umetundikwa ukutani, na jina la msichana aliyeushona limeandikwa chini yake. Papo hapo nikasikia puani ule mwasho wa sufi wa nyumbani kwa shangazi, Temeke.

Shangazi alikuwa akishona mito ya maharusi. Mabaki ya kitambaa cha marekani aliyashona uyoga, tabaka juu ya tabaka, kama ule ulioota kwenye kisiki cha mnazi nyuma ya choo, akaujaza sufi. Alikuwa akiuficha mvunguni. Alasiri moja mama wa bibi harusi alikuja na shoga zake kuchukua mito. Mie kwa majivuno nikauchomoa ule uyoga, nikauweka juu ya mito yao.

“Astaghafirullahi!” Mama yule akarudi nyuma. “Bi Mwanahawa, huu si uchawi huu?”

Shangazi akainamisha macho. “Mchezo tu wa huyu mtoto. Anajifunza kushona.”

Nilidhani amenizawadia sifa ya kazi ile. “Ndiyo, nimeushona mwenyewe!” nikasema, wakacheka wote. Shangazi naye alicheka. Nilikuwa sijajua kwamba mtu mzima huweza kucheka kwa aibu.

Mama yule akabonyeza mto mmoja, akasema umelegea. Shangazi akaufumua uyoga wake mbele yao, sufi yote akaisindilia ndani ya mto ule. Mto ukaenda harusini, na kazi nzuri kuliko zote za mkono wake ikalaliwa na watu wasiojua wamelalia nini.