Mkono wa Kipa wa Akiba

Kipa wa kwanza wa timu yetu alikuwa ameumia goti, na pale kwa mama wa chai, mtaa wa Hai Cinema mjini Juba, tulibishana kama yule wa akiba atafaa. Mimi ndiye niliyewaka kuliko wote. Nilisema huyo ataozea benchi, mikono yake imepakwa sabuni, kila mpira utamponyoka.

Katikati ya kelele akaja jamaa mmoja mrefu. Kama kawaida ya Juba, alitusalimia kwa mkono, mmoja mmoja, kabla ya kukaa. Nilimpa wangu bila kumtazama, nikaendelea kufoka. Yeye alikunywa chai yake akitusikiliza.

Alipoinuka alituaga vilevile, mmoja mmoja. Safari hii nilitazama, maana kiganja chake kiliumeza mkono wangu wote, na vidole viwili vilikuwa vimepinda.

"Mbona mapema, ndugu?" nikamuuliza.

"Naenda mazoezini. Kesho nadaka mimi."

Kumbe hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kumwona akicheza. Nilijaribu kuuvuta mkono wangu, lakini alikuwa bado ameushika, na haukumponyoka.