Nge Chini ya Karatasi ya Marumaru

Kila nipitapo penye ujenzi na harufu ya saruji mbichi ikanipata, mikono yangu hukimbilia mifukoni yenyewe. Ni woga. Msinicheke kabla hamjasikia.

Tulipanga nyumba Area D, hapa Dodoma. Meza ya jikoni ilikuwa ya zege, nalo lilikuwa limechoka: limebabuka, lina mashimo, na ufa mmoja mrefu umeipasua katikati. Juu ya meza hiyo mama alisukuma chapati, na jioni akaweka beseni la kumwogeshea mdogo wangu Juma, aliyekuwa hajui hata kutambaa.

Baba, mtumishi wa serikali aliyehamishwa kutoka Dar, alipenda njia za mkato. Alinunua karatasi ya kubandika yenye michoro ya marumaru, akaifunika meza yote, ufa na mashimo humo humo.

"Usipoziba ufa utajenga ukuta," mama alimwambia.

"Huo ufa uko wapi?" baba akauliza, akipangusa meza yake kwa kitambaa, yeye ambaye hakuwahi kupangusa hata kikombe.

Jioni moja, baba akiwa safarini kikazi, nilikuwa nimeshika sabuni mama akimwogesha Juma. Nikasikia kwaru, kwaru. Chini ya karatasi kitu kilikuwa kinatembea, kikiinua uvimbe mdogo, kuelekea kwenye beseni. Nilipiga ukunga. Mama alimnyakua Juma na mapovu yake, tukatoka mbio.

"Ni nge," alisema.

Nge nilimjua. Kila asubuhi tulikung'uta viatu kabla ya kuvaa, na nilishasikia majirani wakisema sumu yake mtoto mchanga haiwezi. Usiku ule sikulala. Nilimwekea Juma mkono kifuani nihakikishe anapumua.

Kulipokucha mama alinunua saruji. Yeye ni wa Mpwapwa, alikua akikandika sakafu ya nyumba ya bibi, kwa hiyo hakutafuta fundi. Alitaka kupiga niru, saruji laini inayosuguliwa kwa mwiko hadi ing'ae. Lakini niru haishiki juu ya karatasi. Lazima karatasi ibanduliwe, na zege la chini ligongwegongwe liwe na makwaruzo.

Aliniweka mlangoni, Juma mgongoni mwangu. "Nikisema kimbia, kimbia. Usinisubiri."

Akavuta karatasi. Nge alikuwa pale, mkubwa, mweusi, mkia juu, na mgongoni amebeba watoto wake, weupe, wamerundikana. Mama alisita. Nilimwona akisita. Kisha akapiga kwa kandambili, akapiga tena. Halafu akaanza kuuchokonoa ule ufa kwa msumari, na msumari uliposhindwa kutoa vumbi, akaingiza kidole.

"Mama, huogopi?"

"Nge ndiye aniogope mimi."

Nilimwamini kwa miaka mingi. Niru yake iling'aa, Juma akaogeshwa hapo mpaka akaweza kusimama, na baba aliporudi aliisifu bila kuuliza karatasi yake imekwenda wapi.

Sasa nina wanangu, ndipo naelewa alichokiona mama aliposita: mama mwenzake. Kidole kile kilikuwa kinatetemeka. Mimi nilidhani ni kwa sababu anachokonoa. Asubuhi ile mimi nilimwogopea Juma peke yake. Mama alituogopea wote wawili, na hapakuwa na mtu wa kumwogopea yeye.