Seti Iliyong'aa

Siku hizi nikienda Ngara kununua seti ya funguo za alen, vile vyuma vilivyopinda vya kukazia bolti za baiskeli, hubeba bolti mpya mfukoni. Kila ufunguo naujaribu ndani yake. Ukichezacheza hata kidogo naurudisha, hata muuzaji akinuna.

Zamani sikufanya hivyo. Nilinunua seti iliyong'aa, ya chuma laini, nikaipeleka kwenye kibanda changu cha kutengeneza baiskeli, Kangemi, nikijisifu. Wiki ya pili jirani yangu, mwashi aliyekuwa akienda kazini Westlands kwa baiskeli, aliniletea baiskeli hiyo, usukani umelegea. Ufunguo ulizunguka bure ndani ya bolti mpaka ukazila pembe za tundu lake. Badala ya kuing'oa bolti hiyo, niliuzungushia ufunguo kipande cha nailoni ili ushike, nikakaza kwa kubahatisha.

"Mzee, imeshika kweli?"

"Imeshika. Wewe enda kazi, ama unataka nikubebe?"

Akacheka, akaenda. Kwenye mteremko usukani uligeuka wenyewe, akaanguka na kuvunjika mkono wa kulia.

Kesho yake nilimtembelea. "Ni lile shimo la barabarani, mzee," akaniambia. "Hata wewe ungeanguka."

Mkewe alinimiminia chai. Nilijua ni bolti, lakini nikasema, "Hizi barabara zetu, kweli."

Mkono haukupona vizuri. Hakuweza tena kujenga, akarudi kwao Magharibi. Nambari yake ya simu ninayo. Sijawahi kumpigia.