Nilimwita Mama Zulfa mwizi kwa bamba la chuma

Darasani sikukaa, lakini nyumba yangu ya bati imejengwa na nyundo. Msinicheke haraka.

Dereva wa ndizi alikwama kwenye karakana yangu hapa Lusahunga, bodi ya lori imetoboka. Nikanunua bamba gumu kwa Mama Zulfa, muuza vyuma sokoni. Nilipolikunja likapasuka kama kigae! Ndizi zinaiva, dereva ananiangalia. Nikamkokota dereva hadi dukani kwa mama huyo.

"Mwizi wewe! Unatuuzia chuma kibovu!" Soko zima likasogea.

"Shikamoo, mzee," akasema Mama Zulfa. Akanipa kipande alichobaki nacho, cha bamba lilelile. "Kikunje juu ya bomba hili, polepole."

Nikakikunja kwa hasira, nikitaka kipasuke watu waone. Kikakunjika vizuri, bila hata ufa.

"Sasa kile kingine ulikifanyaje?" akauliza Mama Zulfa.

Fundi mzima nihojiwe mbele ya wauza nyanya?

"Alikichoma mpaka kikawa chekundu," akadakia dereva, "akakitumbukiza majini. Nilimkataza, akaniita mtoto."

Mama Zulfa akashika kiuno. "Moto na maji namna hiyo ni vya kukomaza jembe, mzee wangu! Chuma kikikomaa hivyo hakikunjiki, kinapasuka. Kachukue mpini, ukalime na bamba lako."