Nilivyokwenda India kulipa nadhiri ya mtoto wa watu, nikaimalizia kwenye pipa la airport Sydney

Wakuu, poleni na mihangaiko.

Miaka yote humu mimi ni msomaji wa kimya. Nakula nyuzi za wenzangu bila kuchangia hata chumvi. Leo naleta ya kwangu. Ni kweli tupu. Majina tu ndiyo nimebadilisha, maana Western Sydney ni kijiji. Ukipiga chafya Rooty Hill, Toongabbie wanakwambia pole.

Mimi ni Mtanzania, mtu wa Shinyanga, kazi yangu kutunza wazee majumbani. Naingia kwa mzee, namwogesha, nampikia uji, nahakikisha kameza dawa, naandika notes, nahamia kwa mwingine.

Mmoja wa wazee wangu ni mama wa Kigujarati, anakaa Toongabbie, umri themanini na ushee. Siku ya kwanza nimeingia na "Good morning" yangu ya kazini. Akanitazama toka utosini hadi kwenye soksi, akaniuliza kwa Kiswahili, "We kijana, Msukuma?"

Nusura nidondoshe mkoba.

Kumbe kazaliwa Mwanza, kaolewa Mwanza, kauza vitenge Mwanza na marehemu mumewe mpaka walipohamia huku. Kiswahili chake kinakizidi changu. Tangu siku hiyo namwita Mama Nilesh, kama Mwanza yote ilivyokuwa inamwita, kwa jina la mwanawe wa pekee.

Huyo Nilesh ni mtu wa IT, benki, nyumba kubwa, gari la umeme. Si mtu mbaya, nisimsingizie. Mama akimsemesha Kiswahili anaelewa kila kitu, anajibu kwa Kiingereza huku macho yako kwenye simu.

Sasa twende kwenye kisa.

Nilesh akiwa mdogo, bado wako Mwanza, aliugua surua ikamshika vibaya. Hospitali walishakata tamaa. Mama yake akarudi nyumbani, akasimama mbele ya kalenda ya ukutani yenye picha ya mungu-mama wao, akaweka nadhiri: mtoto akipona, nitamleta kwako mlimani, nimsimamishe mbele yako.

Mtoto akapona. Safari ikasubiri hela. Hela ilipopatikana ikasubiri shule. Kisha chuo, kisha mortgage, kisha promotion. Mama wa watu amesubiri mpaka magoti yamekufa na moyo unapiga kwa kusuasua. Daktari akamwambia kama kuna safari, aifanye sasa.

Nilesh safari hii akakubali. Akakata tiketi tatu: ya mama, yake, na yangu mimi wa kusukuma kiti cha magurudumu. Nikachukua leave. Wakuu, nilivyotangaza mtaani kwamba naenda kutalii India kwa gharama ya mwingine, hata watu tusiosalimiana walisalimia.

Wiki mbili kabla ya safari Nilesh akaja na uso wa msiba. Mfumo mpya wa benki unawashwa mwezi uleule. "Mum, it's the go-live. I can't. He'll look after you, and I'll FaceTime in."

Mama Nilesh akaniomba nimletee chai.

Usiku wa kuondoka, mke wangu, Mrundi aliyekulia kambini Kigoma na mwimbaji kwaya namba moja wa kanisa letu, akaniwekea mkono kifuani. "Chéri, hizo chakula za masanamu usikule. Mchungaji ameongea wazi." Nikamwambia usiwe na wasi.

Tukatua Mumbai.

Mumbai sina la kuwaeleza ila kwamba Kariakoo ni maktaba. Kila nikisimama watu wanataka selfie na mimi. Mmoja aliapa mimi ni mchezaji wa cricket wa West Indies, na nilipokataa akadhani najificha. Nikampa tu autograph, mtoto wa watu afurahi. Mama Nilesh kwenye kiti chake alikuwa anaambiwa asogee kidogo, anaharibu picha.

Tulipovuka kuingia Gujarat, mambo yakageuka.

Huko hakuna aliyetaka selfie. Huko watu walinisemesha Kigujarati! Muuza chai, polisi, mama wa maua, wote. Dereva wetu, Rameshbhai, ndiye aliyenifungua macho. Gujarat kuna watu weusi, wanaitwa Masidi. Mababu zao walitoka pande zetu za Afrika karne na karne zilizopita, na wao ni Wagujarati kama Wagujarati wengine, lugha na chakula na ubishi. Kwa hiyo mimi nilionekana mwenyeji ninayeringa kuongea.

Ahmedabad, kwenye msikiti mmoja wa kale wenye mlango maalumu wa watalii, askari alinipungia mkono nipite na wazawa. Mama Nilesh akaombwa passport.

Sijawahi kumwona amekasirika vile. Akamporomoshea Kigujarati, askari akasikiliza kwa adabu zote, kisha akamuuliza amejifunzia wapi, anajitahidi sana.

Nilicheka mpaka nikakaa chini. Yeye alinuna hadi jioni. Jioni ndipo akasema, kama anajisemea, "Nyumbani wananiita Mhindi. Kwa Wahindi mimi mgeni. Sydney mimi Mrs." Hapo kicheko kikaniisha.

Kutoka hapo tukapanda Mount Abu, mji wa mlimani ambako watu wa joto hukimbilia baridi. Kuna ziwa katikati, maharusi wanazunguka kwa viboti vya umbo la bata, pembeni wanachoma mahindi na kupaka ndimu na pilipili, vilevile kama kwetu. Mahali pazuri, msije mkasikia maneno yangu mkadhani pabaya.

Ila kwa Mama Nilesh hakuna kitu India kilichoishinda Mwanza. Ziwa aliliita dimbwi. Mawe ya kule aliyaona hayana mpangilio. Baridi yenyewe, "hii si ya Lushoto tu?" Mtu kasafiri nusu ya dunia kuja kukumbuka kwao.

Nyama sikuiona safari nzima. Nasema tu.

Ndipo ikaja siku ya mlima wenyewe. Sitautaja, upo kaskazini mwa Gujarat, hekalu juu kileleni. Kuna vigari vya kuning'inia kwenye waya vinavyopandisha watu, lakini siku hiyo upepo ulikuwa mkali, vimesimamishwa. Nikapumua. Nikamwambia Mama, basi tuombee hapa chini, Mungu anasikia.

Akaniangalia kama aliyenishika nadokoa mboga.

Rameshbhai akaita wabebaji. Wanakuja wanne na machela, kiti kimefungwa kwenye miti, wanakupandisha mabegani. Mama akapanda, mimi nafuata nyuma na mkoba wa dawa, nahema kuliko wanaobeba.

Karibu na juu wakamtua. Ngazi za mwisho ni nyembamba, na desturi ya pale machela haipiti lango la mwisho. Mkubwa wao akanionyesha mimi kidole, akasema jambo. Rameshbhai akatafsiri: "He is saying, from here son is carrying."

Wakuu, kazini kwetu kuna sheria moja wanayotupigilia kichwani kuliko zote: mzee habebwi. Hakuna kubeba, kuna mashine ya kunyanyulia. Ukibeba ukaumia mgongo, hasara yako. Ukimwangusha, sijui hata nani atakuzika. Nikaanza kumweleza Rameshbhai habari za no lift policy, juu ya mlima, upepo unavuma, wapagazi wanne wananitazama.

Mama Nilesh akafungua mkoba wake, akatoa khanga. Khanga ya Mwanza, imechakaa mpaka maandishi hayasomeki. Akanirushia.

"Hujawahi kuona mtoto anavyobebwa?"

Nikachuchumaa. Wapagazi wakampandisha mgongoni kwangu, tukamkaza kwa khanga kama mbeleko. Mwepesi, mama wa watu. Nilitegemea uzito, nikakuta kama nimebeba nguo zake tu. Nikapanda naye, anapumua sikioni kwangu, mahujaji wanatupisha njia na kuniwekea mikono kichwani, wengine wanapiga picha. (Boss wangu ukipita humu, picha inayozunguka si mimi. Masidi tunafanana.)

Juu, mbele ya mungu-mama, kuhani akamuuliza kitu. Akajibu. Wakaongea kidogo, nami nimesimama na mzigo wangu. Nilitoa simu tumpigie Nilesh kwa video kama alivyosema. Ikaita mpaka ikakata. Kuhani akanipaka wekundu kwenye paji la uso, akanifunga uzi mwekundu mkononi, akanitilia kiganjani kipande cha nazi na sukari ya mawe, prasad wanaiita, chakula kilichobarikiwa na mungu wao. Akaashiria nile.

Hapo nikamwona mke wangu. Nikaona na kwaya nzima nyuma yake.

Nikajifanya natia mdomoni. Kipande nikakifunga kwenye tishu, nikakitia mfuko wa koti. Mama yuko mgongoni, hakuona.

Tukiwa tunashuka, Rameshbhai akaniuliza kwa heshima kama sasa najisikia vizuri. Vizuri na nini? Akashangaa. "Madam told the priest. You are her son. In Africa you were very sick, goddess saved you. Now you have come. You ate prasad, no? So, finished. Vow is complete only when the son eats."

Na kuhani hakushtuka? Ashtuke kwa lipi, Masidi wamejaa.

Nikakaa kwenye ngazi. Mimi nilidhani nimeletwa kusukuma kiti. Na mfukoni nina nadhiri ya mwanamke wa watu, imefungwa kwenye tishu. Nikamjibu Rameshbhai, ndiyo, nimekula.

Njia nzima ya kurudi nilijiambia nitaikula leo, nitaikula kesho. Mkono ukifika mfukoni namsikia mchungaji.

Basi tukawa kwenye ndege, tunakaribia Sydney, wakagawa ile kadi ya kuingilia. Una chakula chochote? Yes au no.

Wakuu, mungu wa mlimani nilimdanganya. Rameshbhai nilimdanganya. Lakini watu wa mpakani wa Australia, wenye mbwa na faini zao? Hapana. Nikaweka alama kwenye yes.

Mama Nilesh ana miwani ya kusomea na ana macho ya mfanyabiashara.

"Yes ya nini? Sisi hatuna chakula."

Nikaikunja kadi, nikaitia mfukoni. Tumeshuka, namsukuma kwenye ule ukumbi, kabla ya wakaguzi kuna mapipa makubwa ya kutupia vyakula. Nikasimamisha kiti pale, nikatoa tishu. Nikamwonyesha.

Alikitazama kile kipande muda mrefu. Nikasubiri anitukane, lugha anazo za kutosha. Hakunitukana. Alisema taratibu tu:

"Nilesh ana go-live. Wewe una mchungaji. Mimi nina nani?"

Ningepewa kibao ingekuwa afadhali.

Pembeni mtoto anamalizia tofaa lake kabla ya kulazimishwa kulitupa. Mbwa wa ukaguzi kakaa, ananitazama mimi na tishu yangu. Nikakitia mdomoni. Nazi imeshachacha, imeshika vinyuzi vya tishu, sukari imegeuka unga. Nikatafuna, nikameza, nikamfungulia mdomo aone, kama yeye anavyonionyesha akimeza dawa zake.

Mama Nilesh akajifunika kichwa na ncha ya ile khanga, akakutanisha viganja, akasema maneno yake. Akalia kidogo, akacheka kidogo. Mwenye mbwa akatuuliza, "You right there?" Nikamwambia tuko sawa.

Nje Nilesh anatusubiri, kaja mapema, kabeba maua. Akamkumbatia mama yake kweli kweli, nasema haki. Tulipoingia kwenye gari akamuuliza safari ilikuwaje, kile kitu chake kilifanyika?

"Nimemaliza, baba. Nimempeleka mwanangu, nimemsimamisha."

"That's beautiful, Mum." Kisha, kama mtoto anayeuliza zawadi, "Did you bring me some prasad?"

Mama akafunga mkanda wa gari.

"Imeshaliwa."

"What, all of it?"

"Yote."

Nilesh akanitazama kwenye kioo. Akaona uzi mwekundu mkononi kwangu. Akawasha gari. Kutoka airport mpaka Toongabbie simu yake iliita mara kadhaa, hakuigusa.

Nilichojifunza, wakuu: ahadi ni deni, na dawa ya deni kulipa. Ila ukichelewa sana kulipa, atajitokeza mtu wa pembeni kukulipia, na risiti itatoka kwa jina lake.

Uzi bado ninao mkononi. Mke kaniuliza nimekula nini huko, nikamwambia mboga tu. Mama Nilesh naye kaacha kuniita kijana, ananiita mwanangu hata mbele ya Nilesh, na Nilesh siku hizi anakuja jioni akiwa hana sababu, anakaa, simu iko kwenye gari.

Wazee wa busara na watumishi mliomo humu, mimi nimekosea wapi? Na kama sijakosea, uzi huu naukata lini? Rusheni mawe, nimevaa helmeti.