Jiko la Gereji na Arubaini ya Mama

Harufu ya kutu iliyolowa mafuta ya taa ndiyo iliyofungua masika ile ya wakati wa vita, nami nilikuwa mtoto wa chuo cha Kurani. Tulikaa Changamwe, katika gereji ya Mzungu aliyekwenda vitani. Baba, fundi wa karakana ya reli, alikuwa ameachiwa nyumba ailinde. Nyuma ya makopo ya rangi tulikuta jiko la kuni la chuma, limeliwa na kutu hata mlango haufunguki. Mama alikuwa mja mzito, na sakafu ya saruji ilikuwa baridi hata nyayo ziliuma. Baba akaapa kwamba mkewe hatakaa arubaini ya uzazi akitetemeka.

Kila jioni alilisugua kwa msasa, mimi nikimshikia taa. Aliziba nyufa zake kwa udongo wa kichuguu uliochanganywa na jivu, akaunga dohani mpya ya bati ya kutolea moshi nje. Jiko akalipandisha juu ya matofali, mbali na kitanda, na ndoo ya mchanga kando. Mwisho akatoboa tundu ukutani, karibu na dari. Mama akamcheka: “Baba Rukia, waipasha nyumba moto kisha waitoboa?” Baba akajibu, “Moto nao hupumua. Usipopata hewa ya nje, utakula yetu.”

Mama alijifungua mtoto wa kiume, na Bibi, mamake Mama, akaja kutoka Jomvu Kuu kumlea mzazi. Mikono yake ilikuwa laini, ulimi wake ulikuwa upanga. Kwetu mzazi hukandwa kwa maji moto, hufukizwa, wala hapigwi na upepo mpaka arubaini yake iishe, na Bibi alikuwa amewalea hivyo wazazi wengi wakainuka salama. Tundu lile lilimkera kama jino bovu. “Mzazi yuwatoka jasho, nanyi mwamwachia upepo njia!” alifoka huku akilishindilia matambara. “Usipoziba ufa utajenga ukuta.” Baba aliyatoa, akamweleza kwa adabu. Bibi akaitikia inshallah, na inshallah ya Bibi sote tuliijua.

Mchana mmoja wa mvua Baba alinipitia chuoni tukarudi pamoja. Tulikuta mlango umefungwa. Ndani makaa yalikuwa mekundu, hapana moshi, hapana harufu mbaya. Mama alikuwa amelala, uso umemwiva kama aliyetoka kukandwa, nami nikafurahi kwamba amepata usingizi. Baba alitazama juu: tundu lilikuwa limezibwa kwa kanga mbili. Alimbeba Mama hadi nje, akamwita na kumtikisa mvuani, lakini alikuwa ameshakwenda. Akarudi ndani, akazing'oa kanga, akafungua kila kilichofunguka. Bibi alikuwa stoo ya nyuma akimpaka mtoto mafuta. Aliposikia vilio alikuja mbio, akaona tundu liko wazi na kanga ziko chini. “Umezitoa!” alimpigia Baba ukelele. “Upepo umeniulia mwanangu, wallahi!” Nilifungua kinywa niseme nilichokiona. Baba alinitazama, nikanyamaza.

Bibi alilisema hilo matangani, akalisema Jomvu Kuu nzima. Alimchukua mtoto akamlea yeye, na salamu ya Baba hakuiitikia tena mpaka kufa kwake. Mimi lilinichoma. Nilipopata akili za kikubwa nilimuuliza Baba kwa hasira kwa nini anabeba mzigo usio wake. “Amemzika mwanawe,” alisema. “Nimwambie tena kwamba amemuua?”

Sasa mimi mwenyewe ni bibi. Wajukuu zangu wanapika kwa gesi, na hata mtoto wa shule anajua kwamba makaa na chumba kilichofungwa haviendi pamoja. Siku hizi ukweli husemwa papo hapo, mbele ya kadamnasi, na msemaji husifiwa. Sijui kama tumekuwa wema kuliko Baba. Lakini subira yake nayo ilikuwa na gharama: ndugu yangu, yule mtoto wa masika ile, alikua akimchukia, na siku tulipomzika hakuja. Mwaka huu, sote tumeota mvi, nilimweleza yote. Akaniuliza kaburi la Baba liko upande gani.